UZI: Ufilipino, karne tano za kupigana na wageni, na mlango uliofunguliwa kutoka ndani

Mwanabahari (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande.

Mwaka 1505 msafara wa Wareno ulioongozwa na Francisco de Almeida uliingia Kilwa, ukaupora mji, ukajenga ngome. Mwezi uliofuata ukaichoma Mombasa. Ndani ya meli zile alikuwemo kijana wa Kireno ambaye dunia inamjua kwa jina la Magellan. Miaka 16 baadaye, safari hii akimtumikia mfalme wa Uhispania, alifika kwenye visiwa ambavyo leo tunaviita Ufilipino, akawaambia watu wa huko maneno ambayo wazee wetu wa pwani walishayasikia: mtiini mfalme wetu, lipeni ushuru, la sivyo tunachoma. Akafia majini, kwenye ufuo wa kisiwa kiitwacho Mactan.

Historia ya Ufilipino mara nyingi inasimuliwa kama orodha ya mashujaa waliokufa vizuri. Mimi naiona tofauti. Hakuna mgeni aliyeviteka visiwa vile kwa nguvu zake peke yake: si Mhispania, si Mmarekani, si Mjapani. Kila mmoja alikuta ugomvi wa majirani akauingia, au alikuta mkubwa mmoja anayetaka msaada akampa ahadi. Na waliopigana naye kwa muda mrefu zaidi ni wale ambao hawakuwemo kwenye makubaliano hayo: wakulima, wavuvi, watu wa milimani.

Tuanze na Mactan yenyewe. Aprili 1521 Magellan alipokewa vizuri Cebu na mtawala wake, Raja Humabon, ambaye alibatizwa pamoja na watu wake wengi. Humabon alikuwa na mahasimu, na mmoja wao ni Lapulapu wa Mactan. Chifu mwingine wa kisiwa hichohicho, Zula, akatuma ujumbe: mimi nataka kulipa ushuru ila Lapulapu ananizuia, nileteeni mashua moja ya askari usiku tummalize. Mnaona mlango unavyofunguliwa? Magellan akapeleka mashua tatu, na akaamua kwenda mwenyewe.

Yaliyotokea tunayajua kwa sababu Antonio Pigafetta, Mwitaliano wa msafara ule, alikuwepo, akajeruhiwa, akapona, akaandika. Walifika usiku. Magellan akatuma masharti yake, akisema wakikataa wataonja mikuki ya wageni. Jibu likarudi kwamba hata wao wana mikuki, ya mianzi iliyokaushwa motoni. Kulipopambazuka wanaume 49 wakaruka majini, maji yakiwafika mapajani, maana miamba ilizuia mashua kusogea ufukweni, na mizinga ikabaki mbali mno kusaidia. Humabon na mitumbwi yake waliambiwa wakae watazame Wazungu wanavyopigana.

Pigafetta anasema wapiganaji wa Mactan walikuwa 1,500. Hiyo namba naichukua kwa tahadhari, aliyeshindwa hupenda kuwahesabu wengi waliomshinda. Bunduki za mbali hazikuwadhuru sana. Magellan akaamuru nyumba zichomwe ili watishike, zikateketea kati ya 20 na 30, na ndipo hasira ilipopanda kabisa. Kisha wakagundua kwamba miguu ya wageni haijavikwa chuma, wakaanza kuilenga. Mshale wenye sumu ukampata Magellan mguuni. Akaamuru warudi nyuma taratibu, wengi wakakimbia, akabaki na wachache ndani ya maji mpaka wakamwangusha. Ilikuwa 27 Aprili 1521. Humabon akaomba mwili, akaahidi bidhaa zozote wanazotaka. Mactan wakakataa.

Siku nne baadaye kukawa na jambo ambalo halisimuliwi sana. Magellan alikuwa na mtumwa, Enrique, aliyemchukua Malacca, ndiye mkalimani wake. Wosia wa Magellan ulisema akifa, Enrique awe huru. Waliorithi uongozi wakamkatalia, wakamwambia ataendelea kuwa mtumwa. Kwa maelezo ya Pigafetta, Enrique akaenda kwa Humabon wakapanga. Tarehe 1 Mei Wahispania wakaalikwa karamuni Cebu, wakauawa zaidi ya 20. Humabon yuleyule aliyebatizwa.

Naendelea.

Kisiki

Mkuu umeanza vizuri sana, sikujua kabisa kwamba Magellan aliwahi kufika kwetu. Swali: Uhispania iko mbali, Ufilipino ina visiwa zaidi ya 7,000, na Wahispania waliokuwa kule walikuwa wachache mno. Walitawalaje zaidi ya miaka 300?

Mwanabahari

Kisiki, hilo ndilo swali lenyewe.

Walirudi 1565 wakiongozwa na Miguel López de Legazpi, wakaanzia palepale Cebu, na 1571 wakaichukua Manila. Hawakuwa na jeshi kubwa. Walichokuwa nacho ni mapadri na machifu. Padri ndiye aliyekaa kijijini, akajifunza lugha ya kule, akaandika majina ya waliobatizwa, na orodha ile ile ikatumika kudai kodi. Chifu wa kijiji akasamehewa kodi, akapewa kazi ya kuikusanya kwa wenzake. Wanaume wa kawaida wakalazimishwa kazi ya siku 40 kwa mwaka: kukata miti msituni, kujenga meli, kujenga makanisa. Ukiwa na fedha unajinunua. Usipokuwa nazo unakwenda, na shamba lako linalala.

Na pakitokea uasi, hawakuleta askari kutoka Ulaya. Walichukua watu wa kisiwa kimoja kuwapiga wa kisiwa kingine. Mwaka 1621 Tamblot, mganga wa dini ya asili kisiwani Bohol, alipowaita watu waache kanisa na kodi, waliomzima walikuwa Wahispania wachache na kundi kubwa la watu wa Cebu. Watu wa Cebu hawakuhitaji kusaliti nchi, kwa sababu nchi iitwayo Ufilipino haikuwepo bado vichwani mwa watu. Mtu wa Cebu kumpiga mtu wa Bohol ulikuwa ugomvi wa zamani uliopata mlipaji mpya.

Sasa nisikilizeni kuhusu Bohol hiyohiyo, maana kwangu mimi hapa ndipo penye kisa kikubwa kuliko vyote.

Mwaka 1744 padri mmoja Mjesuiti alimtuma askari wa kijiji akamkamate mtu aliyeasi kanisa. Askari yule akauawa katika mapambano na huyo mtu. Kaka yake, Francisco Dagohoy, akauleta mwili kanisani uzikwe. Padri akakataa: amekufa katika pambano la watu wawili, na dini inakataza. Inasimuliwa kwamba maiti ilikaa siku tatu bila kuzikwa. Ni padri ndiye aliyemtuma kazini, na ni padri huyohuyo aliyemnyima kaburi.

Dagohoy akapanda milimani na watu 3,000. Waliojiunga naye baadaye wakafikia kama 20,000. Walilima huko, waliishi na familia, walijenga ngome, waliteremka kuvamia na kupanda tena. Magavana wakaja na kuondoka Manila, kama 20 hivi. Dagohoy mwenyewe akafa, na watu wake wakaendelea. Uasi ule uliisha 1829. Miaka 85, wakuu. Mtoto aliyezaliwa mlimani siku za mwanzo aliweza kuzeeka na kufa bila kulipa kodi ya Uhispania hata siku moja. Na ulipoisha, wengi walisamehewa wakaruhusiwa kuanzisha vijiji vipya tambarare. Ndiyo maana nasema tusihesabu mashujaa waliokufa tu. Wale waliishi huru.

Mzee wa Magazeti

Vijana, naona mnakwenda vizuri. Lakini ukizungumzia Ufilipino bila José Rizal hujaanza. Yeye ndiye aliyewaamsha kwa kalamu.

Mwanabahari

Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa nafika huko.

Rizal alikuwa daktari wa macho, akaandika riwaya mbili, ya 1887 na ya 1891, kuonyesha ufisadi wa mapadri na watawala. Kabla yake, Februari 1872, mapadri watatu wenyeji, Gómez, Burgos na Zamora, walinyongwa kwa kukabwa shingo na chuma hadharani, wakisingiziwa uasi wa askari na wafanyakazi wa Cavite, jirani na Manila. Kosa lao la kweli lilikuwa kudai mapadri wenyeji wapewe parokia sawa na Wahispania. Rizal alikuwa mtoto wa miaka kumi wakati ule, na riwaya yake ya pili aliitabaruku kwao. Yeye naye akapigwa risasi Manila, 30 Desemba 1896.

Hata hivyo mzee, kwa heshima zote, mimi ninampenda zaidi Andrés Bonifacio. Alikuwa mtu wa Tondo, mtaa wa maskini, yatima aliyelea wadogo zake kwa kuuza fimbo na pepeo za karatasi, baadaye akawa karani wa ghala. Rizal alipokamatwa na kupelekwa uhamishoni Julai 1892, wasomi wengi walirudi nyuma. Bonifacio na wenzake usiku uleule wa 7 Julai wakaanzisha chama cha siri, Katipunan. Rizal alitaka mageuzi kwanza, elimu kwanza. Bonifacio alitaka uhuru. Agosti 1896 siri ilipofichuka, wanachama walikusanyika nje kidogo ya Manila wakachana vyeti vyao vya kodi, vile vilivyomtambulisha kila mtu kuwa raia wa mfalme. Vita vikaanza.

Na angalieni alivyokufa. Machi 1897, kwenye mkutano wa Tejeros, wenyeji wa Cavite walimchagua Emilio Aguinaldo kuwa rais. Bonifacio akachaguliwa waziri wa mambo ya ndani, na mtu mmoja akasimama kusema kazi hiyo inahitaji mwanasheria. Bonifacio alikasirika, akakataa matokeo. Miezi miwili haijaisha, tarehe 10 Mei, akauawa kwa amri ya serikali ya Aguinaldo. Desemba mwaka huohuo Aguinaldo akasaini mkataba na Wahispania, akakubali fedha na kwenda Hong Kong. Mtu wa Tondo yuko kaburini.

Mama Wawili

Mwanabahari, asante, nafuatilia tangu asubuhi. Lakini kaka, mpaka hapa ni wanaume tu. Wanawake walikuwa wapi miaka yote hiyo?

Mwanabahari

Dada yangu, upo sahihi kunidai.

Gabriela Silang, wa eneo la Ilocos kaskazini, 1763. Waingereza walikuwa wameiteka Manila mwaka uliotangulia, mumewe Diego akaona Mhispania amedhoofika, akaongoza uasi. Alipigwa risasi Mei 1763 na mtu aliyekuwa rafiki yake, ambaye Wahispania na kanisa walimtuma. Gabriela akachukua uongozi wa jeshi, akapigana hadi akakamatwa, akanyongwa Vigan Septemba mwaka huo.

Melchora Aquino alikuwa na miaka 84 vita vya 1896 vilipoanza. Alikuwa na duka na shamba, akawalisha wapiganaji, akawatibu, mikutano ikafanyika kwake. Wahispania walimkamata bibi wa miaka 84 wakamhamishia Guam. Aliishi akarudi. Gregoria de Jesús, mke wa Bonifacio, ndiye aliyetunza nyaraka na mhuri wa Katipunan. Na kule Iloilo mwalimu wa shule, Teresa Magbanua, aliongoza wapiganaji dhidi ya Wahispania, kisha dhidi ya Wamarekani.

Jembe Kali

Mimi naomba kutofautiana kidogo. Kwa Wahispania sawa. Lakini Wamarekani waliwatoa Wahispania, wakajenga shule, wakaleta walimu, na mwishowe wakatoa uhuru 1946. Hao nao ni wakoloni kama wengine?

Mwanabahari

Jembe, tofautiana tu mkuu, uzi ndio unanoga. Nipe nafasi nieleze 1898, kisha uamue.

Marekani ilipoingia vitani na Uhispania, Mei 1898 meli ya Marekani ndiyo iliyomrudisha Aguinaldo kutoka Hong Kong. Katika wiki chache Wafilipino wakawa wamekomboa sehemu kubwa ya Luzon, kisiwa chenye Manila, wakauzingira mji wa Manila, wakatangaza uhuru pale Kawit, 12 Juni. Mhispania amebaki ndani ya kuta, hana maji, hana chakula. Kilichobaki ni kusalimu amri, na swali ni kwa nani. Makamanda wa Marekani wakakubaliana kwa siri na gavana Mhispania wacheze vita vya kuigiza. Tarehe 13 Agosti mizinga ikapigwa kidogo, bendera nyeupe ikapandishwa, Wamarekani wakaingia mjini, na Wafilipino waliozingira kwa miezi wakazuiwa mlangoni.

Desemba, huko Paris, Uhispania ikaikabidhi Ufilipino kwa Marekani kwa dola milioni 20. Mjumbe wa Wafilipino, Felipe Agoncillo, alikuwepo Paris na hakuruhusiwa kuingia. Januari 1899 Wafilipino wakaanzisha jamhuri yao Malolos, wana katiba, wana bunge, na waziri mkuu wao Apolinario Mabini alikuwa amepooza miguu akiendesha serikali kutoka kitini. Usiku wa 4 Februari askari wa Marekani akafyatua risasi pembezoni mwa Manila. Siku mbili baadaye Seneti ya Marekani ikaupitisha mkataba wa Paris kwa kura 57 dhidi ya 27, moja tu juu ya kiwango kilichotakiwa.

Vita vilivyofuata vilikula wanajeshi wa Marekani zaidi ya 4,200, wapiganaji wa Kifilipino kama 20,000, na raia wanaokadiriwa kuwa 200,000 au zaidi, wengi kwa njaa na kipindupindu. Wafungwa walimiminiwa maji mdomoni mpaka tumbo lijae, kisha wakakanyagwa ili waseme. Katika mkoa wa Batangas wanavijiji walifungiwa ndani ya maeneo maalumu, na kilichokuwa nje kikachomwa. Shule zilijengwa Jembe, ni kweli. Zilijengwa na jeshi lilelile.

Nitaje Balangiga peke yake. Kijiji cha kisiwa cha Samar, 1901. Kikosi cha Wamarekani 74 kiliweka kambi pale. Kapteni wao akataka mji usafishwe, akawakusanya wanaume kwa nguvu, akawalaza wamebanana ndani ya mahema usiku, akawanyang'anya mapanga, na akiba ya chakula ikaharibiwa isiwafikie wapiganaji. Mkuu wa polisi wa kijiji, Valeriano Abanador, akapanga na watu wake pamoja na wapiganaji wa msituni. Asubuhi ya 28 Septemba, askari wakiwa kwenye kifungua kinywa, Abanador akampokonya mlinzi bunduki, kengele za kanisa zikalia, na mapanga yakatoka. Wamarekani 48 walikufa.

Jenerali Jacob Smith akaamuru Samar igeuzwe jangwa, na auawe kila anayeweza kubeba silaha. Ofisa wake akamuuliza kuanzia umri gani. Akajibu: miaka kumi. Haya yalitoka kwenye kesi, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Marekani yenyewe. Adhabu yake ilikuwa kuonywa na kustaafishwa. Kengele tatu za kanisa wakazibeba kama nyara, mbili wakaziweka kwenye kambi Wyoming, moja ikakaa na kikosi chao hadi Korea Kusini. Wafilipino walizidai kwa miongo. Zilirudi Balangiga Desemba 2018, baada ya miaka 117.

Na mlango tena: Aguinaldo alikamatwa Machi 1901 kwa hila. Askari wa Macabebe, Wafilipino waliokuwa wakiitumikia Marekani, walijifanya ni wapiganaji wake wanaoleta mateka Wamarekani, wakapokewa hadi maficho yake Palanan. Mateka mmojawapo alikuwa jenerali Funston mwenyewe. Mwezi uliofuata Aguinaldo akaapa utii kwa Marekani. Waliokuwa chini yake hawakuapa wote. Miguel Malvar alipigana Batangas mpaka Aprili 1902. Macario Sakay, kinyozi na mwigizaji kutoka Tondo, mtu wa Katipunan ya Bonifacio, alikaa milimani hadi 1906, akateremka kwa ahadi ya usalama, akakamatwa karamuni na kunyongwa 1907 kama jambazi.

Kisiki

Niliwahi kusikia kulikuwa na wanajeshi weusi wa Marekani waliohamia upande wa Wafilipino. Ni kweli au ni stori za vijiweni?

Mwanabahari

Ni kweli kabisa. Anayejulikana zaidi ni David Fagen wa kikosi cha 24, kikosi cha weusi. Alihama Novemba 1899, Wafilipino wakampa ukapteni, akawapiga askari wa jeshi lake la zamani kwa karibu miaka miwili huko Luzon ya kati. Marekani ikatangaza zawadi ya dola 600 kwa kichwa chake. Askari weusi waliwasikia wenzao wazungu wakiwaita Wafilipino matusi yaleyale waliyoitwa wao kwao, na huo ulikuwa wakati ambapo weusi walikuwa wakichomwa na kunyongwa na magenge kusini mwa Marekani. Wafilipino nao walilijua hilo, wakawaandikia vipeperushi.

Mzee wa Magazeti

Na Waislamu wa kusini mbona umewaruka? Nilivyosoma mimi, hao hawakuwahi kumpigia magoti Mhispania.

Mwanabahari

Mzee umenikumbusha jambo zito. Kusini, Mindanao na visiwa vya Sulu, kulikuwa na masultani kabla Mhispania hajafika. Karne ya 17 Sultan Kudarat wa Maguindanao aliwazuia kwa miongo. Mhispania aliweka ngome pwani, hakutawala ndani. Nako milima ya Cordillera kaskazini, kwa Waigorot, hadithi ni hiyohiyo, Wahispania walitafuta dhahabu ya Waigorot wakarudi na majeraha.

Sasa tazameni alichokifanya Mmarekani. Agosti 1899, akiwa amebanwa na vita vya Luzon, alisaini mkataba na Sultan wa Sulu: tutaheshimu dini yako na heshima yako, wewe utulie. Sultan akatulia. Vita vya kaskazini vilipopungua, mwaka 1904 Marekani ikaufuta mkataba ule yenyewe. Ikaleta kodi ya kichwa na sheria zake. Sultan hakupigana. Watausug wa kawaida, yaani watu wa Sulu, wakapanda kwenye mlima wa volkano, Bud Dajo, kisiwani Jolo, wanaume, wanawake na watoto, wakasema hawalipi. Machi 1906 majeshi ya jenerali Leonard Wood yakaupandisha mizinga mlima ule. Waliouawa wanakadiriwa kati ya 800 na 1,000, waliobaki hai wachache mno. Ipo picha ya askari wamesimama juu ya handaki lililojaa maiti, wanapigwa picha. Nikiitazama hukaa nayo siku nzima.

Ugomvi wa kusini haukuisha Mmarekani alipoondoka. Serikali ya Manila iliendelea kuwapeleka walowezi Wakristo kwenye ardhi ile. Huo unahitaji uzi wake.

Jembe Kali

Sawa mkuu, 1898 sikuijua kwa undani huo. Na Mjapani je?

Mwanabahari

Mjapani alikuja Desemba 1941 akisema Asia ni ya Waasia. Kulikuwa na wakubwa waliompokea, Aguinaldo mzee akiwemo. Rasi ya Bataan, ngome ya majeshi ya Marekani na Ufilipino, ilianguka 9 Aprili 1942, mateka wakatembezwa kwa miguu juani, maelfu wakafa njiani, wengi wao Wafilipino. Ukatili ule unajulikana, na vita vya kuikomboa Manila mwaka 1945 viliua raia wapatao 100,000.

Ninataka kuwataja Wahukbalahap. Ni wakulima wapangaji wa Luzon ya kati, waliokuwa wakiwapa wenye mashamba nusu ya mpunga wao. Machi 1942 waliunda jeshi lao dhidi ya Mjapani, kiongozi Luis Taruc, na mmoja wa makamanda wa mwanzo alikuwa mwanamke, Felipa Culala. Wenye mashamba walikimbilia Manila, wakulima wakabaki wakavuna, wakagawana, wakapigana.

Mwaka 1945 Mmarekani aliporudi aliwanyang'anya silaha. Kikosi kimoja chao, watu zaidi ya 100, kiliuawa Malolos na wapiganaji wa kundi jingine, na Wamarekani hawakumwadhibu mtu. Mwaka 1946 Taruc na wenzake walichaguliwa bungeni kihalali, wakazuiwa kukaa. Sababu? Bunge lilitakiwa kubadilisha katiba ili Wamarekani wapate haki sawa na wenyeji katika madini, misitu na ardhi ya nchi, na kura za wale zingeliangusha jambo hilo. Jembe, uhuru uliousema wa 4 Julai 1946 ulikuja na sharti hilo. Mwaka uliofuata ukaja mkataba wa kambi za kijeshi, miaka 99. Wakulima wakarudi msituni, hadi 1954.

Mama Wawili

Na kambi hizo ndizo walizozifunga baadaye?

Mwanabahari

Ndizo dada. Muda ulipunguzwa, ukafika mwisho 1991. Serikali ya Corazon Aquino ikaleta mkataba mpya wa miaka kumi kwa kambi ya majini ya Subic. Rais mwenyewe aliongoza maandamano ya kuunga mkono. Kambi ilikuwa na ajira nyingi, nchi ilikuwa maskini, na volkano ya Pinatubo ilikuwa imelipuka Juni na kuifunika kwa majivu ile kambi nyingine ya Clark. Tarehe 16 Septemba 1991 Seneti ikapiga kura: 12 wakakataa, 11 wakakubali. Spika wa Seneti, Jovito Salonga, mtu aliyekuwa na vipande vya bomu mwilini tangu 1971, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Novemba 1992 Wamarekani wakaondoka Subic. Kwa mara ya kwanza tangu karne ya 16 hapakuwa na kambi ya jeshi la kigeni kwenye ardhi ile. Hakuna risasi iliyopigwa.

Kisiki

Lakini wamerudi mkuu. Na China inawamwagia maji wavuvi wao baharini. Bila Marekani wangefanyaje? Naona hapo hawana namna.

Mwanabahari

Kisiki, la China silipuuzi. Tangu 2012 meli za China zinawazuia wavuvi wa mji wa Masinloc kwenye miamba ya Scarborough waliyovua tangu enzi za babu zao. Mahakama ya usuluhishi 2016 ikasema madai ya China juu ya bahari ile hayana msingi wa kisheria, China ikakataa hukumu. Pale kwenye miamba ya Ayungin mabaharia wa Ufilipino wanaishi ndani ya meli chakavu iliyokwamishwa makusudi mwaka 1999, na Juni 2024 walinzi wa pwani wa China waliwavamia wakiwa na mapanga na mashoka, baharia mmoja akakatwa kidole gumba. Wana haki ya kutafuta rafiki.

Ninapopata shida ni namna Mmarekani alivyorudi. Mkataba wa 2014, unaowapa kuingia na kujenga ndani ya kambi za Ufilipino, haukupelekwa Seneti. Serikali ilisema ni utekelezaji tu wa mikataba ya zamani, na 2016 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Leo maeneo ni tisa. Mwaka 1991 kila seneta alisimama akasema ndiyo au hapana, na majina yao yanajulikana mpaka kesho. Hili la 2014 liliamuliwa na watu wachache mezani. Kama ni kumwita jirani mwenye nguvu aje, wavuvi wa Masinloc na wenzao walistahili kuona nani anamwita, na kwa masharti gani.